Bangi Chumbani kwa Mwanaasha

Imakulata alizaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Muheza. Baba yake alikuwa mkata mkonge aliyeletwa kutoka Kigoma kwa mkataba wa muda mfupi, na hakurudi tena kwao. Alipokuwa msichana aliolewa na Castory, fundi wa karakana ya reli, na Castory ndiye aliyemleta Makorora, kwenye nyumba ya udongo na chokaa iliyounganishwa ukuta na nyumba ya pili. Siku aliyofika, kabla hajafungua hata fundo la vyombo, mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga alichungulia uani akamuuliza, "Mmeshakula?" Hakumuuliza jina wala alikotoka. Alirudi na bakuli la wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaliweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akaenda zake.

Huyo alikuwa Mwanaasha binti Shaib, Mpemba wa Wete, mke wa mfanyabiashara wa mchele na karafuu. Tangu siku hiyo walikuwa majirani mpaka kifo kilipowatenganisha, na kwa muda wote huo Imakulata hakukumbuka hata mara moja ambapo walilala wamenuniana.

Jambo lililowaunganisha zaidi lilikuwa la Massoud. Mwanaasha alipojifungua mtoto huyo alishikwa na homa kali, akalazwa hospitali kwa wiki nyingi. Imakulata naye alikuwa na mtoto mchanga, Queen. Akamchukua Massoud, akawa anawapakata wote wawili, huyu titi hili na yule titi lile. Baba yake Massoud alikwenda kumuuliza shehe, na shehe akamwambia kwamba tangu hapo Imakulata ni mama wa mtoto huyo kwa kunyonya, na Queen ni dada yake, hawezi kumuoa. Castory alicheka alipoelezwa habari hiyo. Mwanaasha aliporudi kutoka hospitali, bado anatembea kwa kushika kuta, hakucheka. Alimwambia Imakulata, "Shoga, umesikia? Huyu ni mwanao. Akikosea mchape, usingoje niwepo."

Mtaa ulikuwa mtaa siku hizo. Alasiri, jua likishahamia nyuma ya nyumba, wanawake walitoka barazani. Imakulata alitoa cherehani yake ya miguu, Mwanaasha akatandika jamvi akasuka ukili wa mikeka, na ng'ambo ya njia Bibiana, mdogo kuliko wote, akakaanga kachori na mihogo. Baiskeli za watu wanaotoka kazini zilipita kwa makundi, kengele zikilia, na kila aliyepita alitoa salamu. Mtoto akianguka aliokotwa na aliyekuwa karibu. Krismasi ilipofika, mbuzi wa Imakulata alichinjwa na mume wa Mwanaasha ili nyumba zote mbili ziweze kula, na pilau ilipikwa na Mwanaasha mwenyewe, kwa sababu, kama alivyosema bila kuficha, pilau ya Imakulata ilikuwa wali uliopata ajali. Sikukuu ya Idi, Imakulata ndiye aliyeshona nguo za watoto wa nusu ya mtaa.

Castory alitangulia. Mume wa Mwanaasha akafuata. Watoto wakaota mbawa: Queen akaolewa Arusha, Massoud akaenda Pangani, akawa mnunuzi wa nazi kwa jumla. Wanawake wawili walibaki na nyumba zao na baraza lao. Kisha mwaka mmoja, wakati wa mvua za masika, Mwanaasha naye akaaga dunia, taratibu, bila kumsumbua mtu. Imakulata alikaa matanga yote, akapika, akaosha vyombo. Watu walipotawanyika ndipo alipojua kuwa ukuta wa upande ule haukuwa na sauti tena.

Nyumba ilifungwa kwa muda. Halafu Massoud akapiga simu kusema dalali amempatia mpangaji.

Mpangaji alikuwa mtu wa makamo aliyejiita Robert. Alivaa shati lililopigwa pasi, akamwamkia Imakulata shikamoo kwa kuinama kidogo, akaeleza kwamba anafanya biashara ya kutotolesha vifaranga. "Kutakuwa na taa na feni, mama, vifaranga wanataka joto. Kama kelele zitakusumbua uniambie." Imakulata alimpenda. Alijisemea kuwa afadhali vifaranga kuliko walevi.

Wiki za kwanza walikuja mafundi wasiofahamika mtaani. Madirisha yakazibwa kwa mbao kutoka ndani. Ua, ule ua ambao Mwanaasha alianika karafuu zilizoletwa na jamaa zake kutoka kisiwani, ukaezekwa mabati mpaka mbingu isionekane. Feni zikaanza kuvuma, mchana na usiku, bila kupumzika. Imakulata aliweka kiganja ukutani akakuta joto, kama mtu ameegemeza sufuria ya uji upande wa pili. Baada ya joto ukaja unyevu. Chokaa ikabanduka vipande vipande, na picha ya Castory aliyoitundika hapo ikaota ukungu usoni.

Bibiana alikuwa na furaha wakati huo. Mwanawe Tadeo, kijana aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi na kukaa bila kazi mpaka akaanza kuwakwepa watu, alikuwa ameajiriwa na Robert kulisha vifaranga. Alinunua viatu. Alimnunulia mama yake jiko la gesi. Jumapili, kwenye sala ya jumuiya ya kanisa, Bibiana alitoa shukrani mbele ya wenzake, na Imakulata akaitikia amina pamoja nao.

Lakini umeme ulianza kufifia. Jioni taa za mtaa mzima zilikuwa kama mishumaa. Ruthi, mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule, aliunguliwa jokofu, akatengeneza, likaungua tena. Transfoma ililipuka, watu wa umeme wakaja kubadilisha, wakasema kuna mtu anavuta umeme kwa wizi, wakaondoka wakiwa hawajampata. Hapo ndipo mtaa ulipoingiwa na sumu. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuhesabiana taa. Mmoja alisemwa kwa sababu ya redio yake kubwa, mwingine kwa sababu ya mashine ya kukatia nywele. Salamu zikapungua.

Harufu nayo ilikuja polepole. Robert alichoma udi kila siku, asubuhi na jioni, kama nyumba yenye harusi isiyokwisha, lakini chini ya udi kulikuwa na kitu kibichi, kizito, chenye ukali wa majani yaliyofikichwa. Imakulata alikifahamu kabla hajakubali kukifahamu. Kule kambini, nyuma ya mistari ya mkonge, baadhi ya wakataji walikuwa na vichaka vyao walivyovificha, na mama yake alimkataza kupita huko. Harufu ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba ile ya kambini ilikuwa ya nje, chini ya jua, na upepo uliichukua. Hii ilikuwa inatoka chumbani kwa Mwanaasha.

Vijana wageni wakaanza kusimama pembeni mwa njia na pikipiki zao, wakingoja kitu bila kusema wanachongoja. Vijana wa hapo hapo nao wakajiunga, macho mekundu, wakicheka peke yao. Mwalimu wa madrasa iliyokuwa nyumba ya tatu aliwahamishia watoto mtaa mwingine. Ruthi akauza nyumba yake akaenda kuishi Chumbageni kwa dada yake. Imakulata aliendelea kutoa cherehani alasiri, lakini ilifika siku akajikuta yuko peke yake barazani, na macho ya wale vijana yako juu yake. Akairudisha ndani. Tangu hapo akawa anashonea chumbani, dirisha limefungwa.

Alikwenda kwa mjumbe wa mtaa. Mjumbe alimsikiliza, akatazama chini, akasema, "Mama, mimi nina watoto. Mwenye nyumba ndiye mwenye kauli. Kama mwenye nyumba halalamiki, nitaanzia wapi?"

Alijaribu kwa Bibiana. Alimkuta anakoroga unga wa kachori.

"Bibiana, umewahi kumwona Tadeo na unyoya hata mmoja kwenye nguo?"

Bibiana aliacha kukoroga. "Una maana gani, dada?"

"Mimi nimefuga kuku. Sijasikia kifaranga akilia ukutani kwangu, hata siku moja."

"Mtoto kapata kazi," Bibiana alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na kavu. "Wa kwako yuko Arusha, anakutumia. Wa kwangu ni huyu, na yuko hapa. Tafadhali, dada, tusizungumze hivi tena."

Alimpigia Massoud. Mara ya kwanza Massoud alisema mtandao unakatika. Mara ya pili alisema, "Mama, huyo mpangaji hana matata, ni mtu mzuri, mvumilie." Mara ya tatu simu haikupokelewa. Imakulata aliketi kitandani akiitazama ile simu. Angeweza kwenda polisi. Kituo hakikuwa mbali. Lakini kila alipotaka kuvaa viatu alimwona Mwanaasha, jina lake likitajwa kituoni, nyumba yake ikivunjwa mlango mbele ya watu. Akaona hawezi kuanza na mwingine kabla ya mwana mwenyewe, Massoud. Siku iliyofuata, baada ya misa ya asubuhi, akapanda basi la Pangani.

Alimkuta Massoud kwenye bohari lake karibu na kivuko, amesimama katikati ya malundo ya nazi. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Alipomwona Imakulata alikuja mbio, akamwamkia, akamtafutia kiti, akaagiza maji ya dafu. Imakulata alikunywa kwanza. Alikuwa na kiu kwelikweli.

"Mama, ungeniambia ningekuja kukuchukua."

"Ningekuambia vipi nawe hupokei?"

Massoud alitabasamu kwa aibu.

"Mle ndani kuna bangi, Massoud. Sisemi inavutwa. Imepandwa. Inamea chumbani kwa mama yako, pale kitanda chake kilipokuwa, na taa zinaiwakia kama jua."

Massoud alivuta kigoda akakaa mbele yake. Alichukua nazi moja, akaigeuzageuza mikononi, akairudisha chini.

"Ulijua?" Imakulata aliuliza.

"Sikujua." Halafu akasema, "Sikutaka kujua. Niliona mtu hataki risiti, hataki matengenezo, hataki nije kukagua. Nikasema Mungu kanipa mpangaji asiyesumbua."

"Mtaa umekwisha. Ruthi amehama. Madrasa imehama. Mimi nashona kwenye giza. Juzi kijana mmoja amenipigia mluzi, mimi, bibi mzima, mlangoni kwangu."

"Wakinikamata mimi je, mama? Nyumba ina jina langu."

Imakulata alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. "Huenda wakakukamata," alisema. "Nitakuletea chakula."

Massoud aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na Imakulata hakujua kama analia au anacheka. Alimwekea mkono kisogoni, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto na homa. Alimwambia kwamba angeweza kwenda kituoni bila kumwambia, lakini nyumba ni yake, na yeye ni mwanawe, na hakutaka alisikie jambo hilo kwa mtu mwingine.

Massoud alikuja Tanga baada ya siku chache. Kwanza alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Robert alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akazungumza naye kibarazani kwa upole uleule. Vifaranga wana ugonjwa, alisema, mtu akiingia na viatu vya nje watakufa wote. Aje wiki ijayo. Massoud alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mkono, akavuka njia, akaenda moja kwa moja polisi.

Polisi walikuja kesho yake, saa nne asubuhi, magari mawili. Walibisha, hakuna aliyefungua, wakavunja. Mtaa mzima ulijaa njiani, hata watu waliokuwa hawasemezani walisimama pamoja. Robert hakuwemo, alikuwa ameondoka usiku na mfuko mmoja wa nguo, labda ile hodi ilimtosha. Aliyetolewa ndani, mikono nyuma, miguu mitupu, tope hadi kwenye vifundo, alikuwa Tadeo.

Imakulata alikuwa amemfikiria Mwanaasha, amemfikiria Massoud, amewafikiria watoto wa madrasa. Kuhusu Tadeo, alikuwa amejiambia kwamba kijana huenda kazini jioni tu, kwamba siku hiyo hatakuwemo.

Bibiana alitoka mbio, upawa mkononi, mafuta yanadondoka. "Huyo mtoto ni kibarua. Mwenyewe yuko wapi? Mbona hamumtafuti mwenyewe?" Askari alimzuia kwa mkono bila kumsukuma. Tadeo alipandishwa garini huku akitazama sakafu. Gari lilipoondoka, Bibiana aligeuka akawatazama watu mmoja mmoja.

"Nani kawaita?"

Massoud alikuwa ndani na maofisa. Imakulata angeweza kunyamaza, na pengine kila mtu angeamini kuwa ni mwenye nyumba peke yake.

"Ni mimi, Bibiana," alisema. "Nilikwenda Pangani nikamleta Massoud."

Bibiana alirudi kwake, akazima jiko, akafunga mlango.

Maofisa walipomaliza kukusanya ushahidi, Massoud alimwomba Imakulata aingie naye. Hakutaka kuingia peke yake. Kuta za chumba zilikuwa zimefunikwa karatasi za kung'aa, na juu zilining'inia taa kubwa, nyaya zake zikipita darini na kutoka kwenda kwenye nguzo bila kupita kwenye mita. Miti yenyewe ilikuwa imeng'olewa, lakini ndoo zilibaki safu kwa safu, za udongo mweusi, na sakafu ambayo Mwanaasha aliisugua kwa kumbi la nazi kila Ijumaa ilikuwa imechimbwa mfereji wa maji. Ukungu ulikuwa umepanda hadi kwenye kenchi. Jikoni, kabati la vyombo lilikuwa limefanywa ghala la mbolea. Massoud alilifungua, akalifunga, akatoka uani akasimama chini ya mabati. Imakulata alibaki pale akijaribu kukumbuka chumba kilivyokuwa: kitanda cha besera, kioo, chupa ya marashi dirishani. Akaona vinamjia kwa shida, kama kwamba ndoo zile zimekalia nafasi ya kumbukumbu.

Massoud alishikiliwa siku kadhaa kwa maelezo, na Imakulata alimpelekea chakula kama alivyoahidi. Aliachiwa. Tadeo hakuachiwa, kosa lake halikuwa na dhamana. Kesi ilikuwa ikitajwa na kuahirishwa, ikitajwa na kuahirishwa, na kila ilipotajwa Imakulata alivaa gauni lake la kanisani akaenda mahakamani akakaa benchi la nyuma. Bibiana alikaa la mbele na hakugeuka. Kwenye jumuiya pia, zamu ya kusali ilipofika nyumbani kwa Imakulata, Bibiana alituma udhuru. Wengine mtaani walimpongeza Imakulata, wakamwita shujaa, na sifa zile zilimchoma kuliko kimya cha Bibiana.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Halafu Robert akakamatwa Moshi, katika nyumba nyingine ya kupanga, madirisha yamezibwa vilevile, majirani wameambiwa ni uyoga. Aliunganishwa na kesi ya Tanga, na upande wa mashtaka ukamwondolea Tadeo shitaka, akawa shahidi. Kijana alieleza mahakamani, kwa sauti isiyosikika vizuri, kwamba aliambiwa ni vifaranga mpaka siku ya kwanza alipoingia, na siku hiyo alipaswa kutoka, hakutoka, kwa sababu ya vile viatu na lile jiko.

Siku Tadeo alipotoka, Imakulata alisimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama, asije akaharibu furaha ya watu. Tadeo alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Alimwona. Alimwacha mama yake hatua chache, akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Bibiana alisimama pale alipoachwa, mkoba ameukumbatia. Alitazama barabara, akatazama viatu vyake. Mwishowe akasema, "Dada, unarudi na nini?"

"Kwa miguu tu."

"Jua hili? Twende."

Wakaenda wote watatu kwenye bajaji moja, wamebanana, mpaka Makorora. Bibiana hakutamka kwamba amesamehe, na Imakulata hakumuuliza.

Tadeo hakukaa. Alikwenda Amani kwa mjomba wake anayelima iliki, akasema huko anapata usingizi. Massoud alikwangua kuta, akabomoa mabati, akapiga plasta mpya. Mvua ikinyesha harufu bado hutoka kidogo kwenye kona. Hakupangisha tena. Alimleta mkewe Samira na watoto wao, yeye akabaki kwenda na kurudi Pangani. Umeme umetulia. Wale vijana wa pikipiki wamehamia kona nyingine, na Imakulata huwaza kuhusu watu wa kona hiyo. Ruthi hakurudi, wala madrasa.

Cherehani imerudi barazani. Samira hajui kusuka ukili, husoma simu yake na kumsomea Imakulata habari anazoona zinafaa. Baiskeli zimekuwa chache, pikipiki nyingi, na wanaopita kwa pikipiki hawana nafasi ya kusalimu. Wakati mwingine Imakulata huinua kichwa kumwambia Mwanaasha jambo, halafu hushona tu. Mwaka huu, siku moja ya Kwaresima, Bibiana alivuka njia na sahani ya mihogo, akasimama akitazama nguo iliyokuwa mashineni.

"Hiyo mikono umeikata fupi," alisema.

"Mwenyewe kataka hivyo."

"Atajuta," Bibiana akasema, akajivutia kigoda.